Badili Bega

Insha arobaini na mbili zilikuwa mezani, nami nilikuwa nimefika ya thelathini. Ilikuwa Ijumaa alasiri hapa Voi, saa ile ambayo mabati ya nyumba za walimu hulia kwa joto na vumbi jekundu huingia ndani hata dirisha likifungwa. Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kazi ngumu, maana kazi ngumu nimeiona kwa watu wengine na nitakusimulia. Ni ule uchovu wa mtu anayelifikiria jambo mara saba kabla ya kulitenda, kisha mara saba tena baada ya kulitenda. Nikimpa mwanafunzi alama kumi na tatu, huzifuta nikaandika kumi na nne, halafu usingizi hunipaa nikiwaza kama nimewaonea wenzake.

Ndipo nikafungua daftari la thelathini na moja. Mwenyewe alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, mtulivu, anayekaa karibu na mlango. Kichwa cha insha kilikuwa "Nyumbani Kwetu". Wenzake wote walikuwa wameandika juu ya kuku na mbuzi, na mama anayeamka mapema. Yeye aliandika juu ya baba yake. Baba huyo hufanya kazi katika karakana ya reli. Mama huuza maandazi, na mikono yake imeungua kwa mafuta ya moto. Kwa hiyo baba huamka kabla ya majirani, akafua nguo za nyumba nzima kwenye bomba la nyuma, za mama zikiwamo, kisha akazianika ndani ili mtu asizione. "Baba akifua," aliandika, "mama hukaa kando akimnong'onezea habari za mtaa, na wote wawili hucheka wakiziba midomo. Mimi hujifanya nimelala."

Ilikuwa insha bora kuliko zote. Mkuu wa somo alikuwa ameniagiza nichague moja ya kusomwa paredi Jumatatu, mbele ya shule nzima. Nikashika kalamu nyekundu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Mkono haukutaka kuandika, na nilijua kwa nini. Mimi pia niliwahi kuandika insha iliyosomwa paredi.

Kesho yake nikapata nafasi kwenye lori la mboga lililokuwa likirudi tupu kutoka Mombasa, nikapanda kwenda Bura, kule milimani, kwa nyanya yangu.

Nililelewa na nyanya na babu mpaka darasa la saba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa walimu wa kuhamishwahamishwa, leo Wundanyi, kesho kutwa Taveta. Kama umewahi kukaa milimani kwetu unajua asubuhi za huko zilivyo: ukungu umelalia migomba, kengele ya misheni inalia mahali usipopaona, na moshi wa kila jiko unatoka polepole kwenye mapaa ya nyasi kana kwamba nao haujataka kuamka. Nyumbani kwetu kitu cha kwanza kusikika hakikuwa kengele wala jogoo. Kilikuwa kicheko cha nyanya. Sijui babu alikuwa akimwambia nini kila asubuhi. Nilikuwa nikisikia sauti yake nzito nyuma ya ukuta wa udongo, kisha kicheko, kisha nyanya akisema, "Mnyapara, amka, jua halikungoji."

Alimwita mnyapara kwa utani. Babu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika genge la reli, wale watu wanaotengeneza njia kutoka Voi kuelekea Taveta, lakini hakuwahi kuwa mnyapara hata siku moja. Alikuwa mbeba mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Katika miaka yote hiyo alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi tu, na nyanya alisema kwamba walioana mara mbili: mara ya kwanza mbele ya padri, mara ya pili siku babu alipostaafu akashuka na sanduku lake la mbao akasema, "Sasa nimekuja kukaa." Nadhani ndiyo sababu walikuwa na furaha ya watu waliocheleweshewa chakula.

Nawakumbuka wakiwa mwendoni siku zote. Sikumbuki hata mara moja nikiwaona wamekaa mchana. Walikunywa uji wa mtama ulioachwa ukachacha kidogo, wakala viazi vitamu vilivyobaki jana, wakatoka. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa moja, kushuka na kupanda. Nyanya alibeba kikapu cha mbolea ya mbuzi mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa milimani walivyobeba. Babu alibeba majembe mawili begani, panga, na kibuyu cha uji. Mimi nilifuata nyuma na mkoba wa shule, maana shule ilikuwa njiani.

Katikati ya njia, pale mteremko unapoisha na mlima kuanza, kulikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo kama wa kobe. Wakifika hapo, babu alisimama, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo ungedhani anaamrisha watu ishirini:

"Badili!"

Lilikuwa neno la genge. Watu wanane wakibeba reli, mnyapara hutembea kando yao, na bega moja likianza kuzidiwa hupaza sauti, "Badili!", na wote kwa pamoja huhamisha mzigo bega la pili. Babu alisema kwamba asiyelisikia neno hilo hupoteza vidole vya miguu. Alipostaafu alikuja nalo nyumbani pamoja na sanduku lake. Akishasema badili, nyanya aliinama, akatoa kamba pajini, na babu akaivaa yeye. Akabeba kikapu cha mbolea mgongoni, shingo imeinama mbele, na nyanya akachukua majembe begani, panga mkononi, akaanza kutembea kwa maringo na kumwigiza: "Haya, haya, vijana! Reli haijilazi yenyewe!" Babu, shingo imekazwa na kamba, alijibu kutoka chini, "Mnyapara huyu ana mdomo. Mshahara wake nani anaulipa?" Wakapanda mlima hivyo wakicheka na kuhema, na mimi nikakata kona kwenda shule huku nikiwasikia mpaka sauti zao zinamezwa na ukungu.

Jioni walirudi na kuni, au majani ya ng'ombe, au kabichi za kupeleka sokoni, na kwenye jiwe lilelile wakabadilishana tena. Kabla ya kufika nyumbani waliingia kijitoni kunawa miguu. Maji ya kule ni baridi ya kukata mfupa. Babu alimrushia nyanya maji na nyanya akamtisha kwa jiwe. Halafu tukala kimanga, maharagwe na muhogo yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Baada ya kula, babu alimpaka nyanya mafuta ya mbarika kwenye shingo, pale kamba iliposhuka kutoka pajini ikachora alama, na nyanya akampaka babu palepale. Shingo mbili, alama moja. Hawakuwa wakiugua. Watu wa rika lao walikuwa wanalalamika magoti, wao walikuwa wanashindana nani atatangulia kufika kijitoni.

Ningependa kukuambia kwamba nilijua nina bahati. Sikujua. Nilidhani watu wote waliooana wako hivyo.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha tashbihi. Wiki nzima ilikuwa ni kama hiki, kama kile: mweupe kama pamba, mweusi kama makaa. Alitupa kazi ya insha juu ya mtu tunayempenda, na akatuonya kwamba insha isiyo na tashbihi tatu itakatwa alama. Nikaandika juu ya babu. Niliandika kuhusu reli, kuhusu jiwe, kuhusu neno la badili. Nilikuwa na tashbihi mbili: jiwe kama kobe, na sauti kama ngurumo. Nilihitaji ya tatu. Nikaitafuta, nikatafuna kalamu, kengele ikawa karibu kulia. Nikaandika hivi: "Kisha babu huchukua kikapu cha nyanya, akavaa kamba kwenye paji la uso kama mwanamke."

Mwalimu aliipenda. Alikuwa mtu mwema, tena mcheshi, na Ijumaa akaisoma paredi kwa madoido yote, akanguruma "Badili!" mpaka kunguru wakaruka. Watoto walicheka. Nilidhani wanacheka kwa kufurahi, nikasimama wima kwa fahari. Alipofika kwenye tashbihi ya tatu kicheko kilibadilika. Hata katika umri ule nilikisikia kikibadilika, kama maziwa yanapokatika kwenye sufuria. Walimu wawili walitazamana. Mtoto wa jirani yetu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Watoto mia tatu walienda nyumbani na neno hilo midomoni.

Kufikia Jumapili lilikuwa limefika dukani, pale wanaume walipokaa kwenye benchi kusubiri zamu ya kusaga posho. Nilikuwa na babu siku hiyo. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Rafiki yake mmoja, aliyetahiriwa pamoja naye, alimwona kutoka mbali akasimama, akapaza sauti:

"Badili!"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Wewe bega lako limebeba nini tangu uzaliwe?" babu akamjibu, naye akicheka. "Labda chupa."

"Hatusemi mabega, mzee. Tunasema paji la uso." Yule mtu akajifanya kufunga kamba kichwani, akatembea hatua tatu akitikisa kiuno. "Sasa tuambie, unajifungua lini? Tuanze kupika uji."

Wakacheka tena. Babu alicheka pamoja nao, lakini mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa umekuwa mzito, kama mkono wa mtu aliyelala. Alinunua chumvi. Hakukaa kwenye benchi.

Nyumbani aliniomba nimsomee ile insha. Babu hakujua kusoma. Nikaisoma nimesimama katikati ya nyumba, na nilipofika kwenye ile sentensi nikaacha kusoma. Akaniambia, "Endelea, imeandikwa, imeandikwa." Nikaendelea. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri. Lakini umesahau upande wa pili. Hukusema nyanya yako anabeba majembe yangu."

Basi. Hakunigombeza. Ningegombezwa ningelia, yangeisha. Badala yake nilisikia usiku ule, kupitia ukuta, sauti yake fupi: "Kesho tutapita juu."

Njia ya juu ilizunguka mgongo wa mlima kufuata mfereji wa maji. Ilikuwa ndefu karibu mara mbili, haikupita shuleni, wala dukani, wala kwa mtu yeyote. Kuanzia siku ile waliondoka kabla sijaamka. Nilikunywa uji peke yangu, nikapita kwenye jiwe peke yangu. Nilisimama hapo kila asubuhi nikatega sikio upande wa juu, labda ukungu utaniletea lile neno. Sikuwahi kulisikia. Jioni walirudi wakiwa wamechoka kuliko zamani, nyanya na kikapu chake, babu na majembe yake, kila mtu na mzigo wake kama watu wengine wote wa kijiji. Bado walicheka. Bado walipakana mafuta. Lakini mimi nilikuwa nikikitazama kila kicheko, kama anavyotazama mtu aliyevunja kikombe akakigandisha kwa gundi, anayeogopa kila chai inapomiminwa.

Sikuuliza. Mtoto wa miaka kumi na moja anaulizaje jambo kama hilo? Nikaenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, na kokote nilikokuwa nilichunga maneno yangu kama mtu anayebeba maji kwa kiganja. Babu alifariki nikiwa mwaka wa mwisho, bila kuugua, jembe mkononi, saa nne asubuhi. Mazishini watu walisema alikuwa mtu wa nguvu. Nami nilikaa nikijiuliza: je, ni mimi niliyewanyang'anya ile furaha? Sentensi moja, kwa ajili ya tashbihi ya tatu?

Nyanya nilimkuta anakata majani nyuma ya nyumba. Ana zaidi ya miaka sabini, na mgongo wake bado umenyooka kuliko wangu. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu, mbona umekonda? Kwani huko Voi mnakula chaki?"

"Ni kazi, nyanya."

"Kazi gani hiyo ya kukaa kwenye kiti inayokondesha mtu?" Akanipa kikapu cha mbolea. "Haya, twende shamba. Utaongea huko. Hapa kuku watasikia."

Nilianza kuelekea njia ya chini, lakini yeye alikuwa tayari amekata kona. Bado anapita juu. Mimi sikuwahi kuipita njia ile hata mara moja, unaamini? Niliiogopa kama mahali pa makosa yangu. Tukafuata mfereji, yeye mbele na majembe na panga, mimi nyuma na kikapu, kamba pajini. Kabla ya nusu ya njia shingo ilikuwa inawaka moto. Chini kabisa, tambarare ilikuwa imetandazwa mpaka kwenye ukungu wa joto, na ile reli ya Taveta ikionekana kama uzi uliodondoka.

"Nyanya," nikasema kwa mgongo wake, maana uso wake nisingeweza kuutazama, "mlihamia huku kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako vipi?"

"Ile insha."

Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasimama, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ile ya kama mwanamke!" akasema. "Mungu wangu, ile! Bado unaibeba?"

"Kila siku."

Hapo akaacha kucheka. Akageuka, akanitazama vizuri. "Sitakudanganya," akasema. "Ilimuuma. Siku tatu hakula kimanga changu, na wewe unajua babu yako na kimanga. Yule rafiki yake alimfuata na lile neno mpaka kanisani."

"Kwa hiyo aliacha."

"Aliacha nini?"

"Kubadili."

Nyanya alinyoosha panga lake mbele, pale mfereji unapopinda. Kulikuwa na miwa. Si mmoja wala miwili: kichaka kizima, kimesongamana, kirefu kuliko mimi, mahali ambapo hapana shamba la mtu. Chini yake ukingo wa udongo ulikuwa na mashimo mawili laini, kando kwa kando, upana wa watu wawili waliokaa.

"Hii nani aliipanda?" akauliza.

"Sijui."

"Hakuna aliyeipanda. Kila asubuhi babu yako alikuwa anakuja na muwa mmoja. Tunakaa hapo, tunakula, tunatazama kama treni yake inapita. Kile kichwa cha muwa anakichomeka kwenye tope, hivi, kama mtu anayechezea. Sasa tazama." Akakata mmoja, akauvunja kwa goti vipande viwili, mimi nusu, yeye nusu. "Akimaliza anasema badili. Mimi namwambia bado, sijamaliza muwa wangu. Anasema, mnyapara hangoji muwa. Basi kila siku tunagombana hapo, na kila siku tunachelewa shamba. Wewe ulidhani tulikuwa tunarudi tumechoka kwa sababu gani? Huku ndiko mbali, tena tulikuwa wavivu."

Nilitafuna ule muwa mpaka ukabaki makapi makavu.

"Lakini mbona sikuwahi kulisikia?"

"Alilisema polepole." Nyanya akatema makapi. "Hilo ndilo lililokwisha. Ile sauti yake kubwa. Huku juu hapakuwa na mtu, angeweza kupiga kelele mpaka Taveta wasikie, lakini hakuweza tena. Alikuwa ananiambia hapa sikioni tu." Akafuta panga kwenye nyasi. "Niliipenda ile sauti kubwa. Lakini hii ndogo pia niliipenda."

Ndivyo alivyosema, na nimeyageuzageuza maneno hayo tangu siku ile. Nilitaka aniambie sikuharibu kitu, au aniambie niliharibu kila kitu, nijue pa kukaa. Hakuniambia lolote kati ya hayo.

Tukiwa shambani nikamweleza habari za yule msichana na baba yake anayefua. Nilimweleza kwa urefu, kwa upande huu na upande ule: kwamba insha ni nzuri, kwamba nikiificha labda namfundisha mtoto kuona haya, kwamba nikiisoma labda baba yake atachekwa. Nyanya alikuwa anang'oa viazi na hakuinua kichwa.

"Mwalimu wako alikuuliza kabla ya kusoma?"

"Hapana."

"Na wewe umemuuliza huyo mtoto?"

Miaka minne ya chuo, mwaka mzima wa kufundisha, usiku mzima wa kugeuka kitandani, na sikuwa nimefikiria kumuuliza mwenyewe.

Jioni nyanya alisema turudi kwa njia ya chini, maana anataka chumvi. Kikapu kilikuwa na viazi na kuni juu yake, nami nilikibeba kwa sababu nani atamwachia mzee wa miaka sabini mzigo kama ule? Tulipofika mahali pa lile jiwe, jiwe halikuwepo. Walipopanua barabara walilivunja likawa kokoto. Palibaki shimo lenye maji na bata wawili. Nilikuwa bado nalitazama shimo hilo, nyanya aliposimama, akavuta pumzi, na kupaza sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake:

"Badili!"

"Nyanya, acha, nitafika nacho."

"Mnyapara akisema badili hakuna mjadala. Utapoteza vidole."

Nikainama, nikatoa kamba, akaivaa. Nikachukua majembe. Tukapita hivyo mbele ya duka, hatua chache kutoka hapo, yeye chini ya kikapu, mimi nyuma yake nikiwa na majembe begani na aibu usoni, nikitazama benchi, nikisubiri. Vijana watatu walikuwa wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Walikuwa wameisikia ile sauti; waliinua macho, wakatusalimia, "Shikamoo nyanya, shikamoo mwalimu," wakarudi kwenye mchezo wao. Neno hilo halikuwa na maana yoyote kwao. Yule rafiki wa babu alishazikwa, na benchi lenyewe si lile. Niliyeogopa kicheko miaka yote hii nilikuwa mimi peke yangu, na waliocheka hawapo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi, nilimwita yule msichana kando ya ofisi ya walimu. Nilimwambia insha yake ni nzuri kuliko zote, na nikamuuliza kama angependa isomwe. Uso wake uling'aa, akatabasamu, akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha kiatu. Tabasamu likaondoka polepole. Kule karakana injini ikapiga honi, na nilimwona akiisikiliza.

"Isisomwe, mwalimu," akasema.

"Sawa. Unaona haya?"

"Hapana." Akainua macho. "Baba ataacha."

Paredi tukasoma insha ya mvulana mmoja kuhusu safari ya Mombasa. Ilikuwa na tashbihi nyingi, na watu walipiga makofi.

Nimerudi nyumbani sasa, na nakuandikia haya huku mabati yakilia. Babu hayupo, na ile sauti yake kubwa ilikwisha kabla yake. Jiwe sasa ni barabara. Treni ya Taveta siku hizi watu huisikia kwa nadra, na nyanya anasema hata akikaa pale kwenye miwa haoni kitu cha kutazama, ila anakaa. Kilichobaki ni kichaka cha muwa kisicho na mwenyewe na mashimo mawili ukingoni, na mvua ya masika ijayo labda itayasawazisha. Shingo yangu bado ina alama ya kamba. Nimeipaka mafuta mwenyewe, na mkono haufiki vizuri.

Lakini nataka kukuambia nilichoandika kwenye daftari la thelathini na moja, chini ya insha, kwa kalamu nyekundu. Niliandika: "Hukusahau upande wa pili." Msichana atadhani ninamsifu kwa kumtaja mama yake anayecheka. Ni kweli, ndicho ninachomsifia, ingawa maneno ni ya babu. Nikayasoma maneno hayo mara moja. Kisha nikalifunga daftari, sikufuta.